Mtoto ana miezi saba, chuo kinaniita Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Naandika haya mtoto akiwa amelala mgongoni, kwa hiyo nisamehe kama nitarukaruka. Nina miaka 29, mama wa watoto wawili, naishi Mkolani hapa Mwanza. Mkubwa ana miaka minne. Mdogo ana miezi saba na ananyonya.

Kazi yangu ni uchoraji. Sikuanzia darasani. Mjomba wangu alikuwa anaandika majina ya mitumbwi kule Igombe, mimi nikiwa darasa la tano namshikia kopo la rangi, baadaye akaanza kuniachia nijaze herufi alizozichora kwa penseli. Mpaka leo nikiona herufi zimekaa sawa ubavuni mwa mtumbwi lazima nisimame niangalie. Siku hizi nachora kuta za shule za chekechea, mabango ya saluni, na picha zangu mwenyewe za kanvasi ambazo nauza moja moja.

Mwaka juzi nilipata nafasi ya kusoma stashahada ya sanaa kwenye chuo kimoja huko Pwani. Baba watoto alikubali, akalipa ada ya mwaka wa kwanza, mama yangu mzazi akaja kukaa na mkubwa. Nilifaulu vizuri. Mwaka wa pili ulipoanza nilikuwa na mimba ya miezi minane, presha imepanda, daktari akanikataza safari. Nikapiga simu chuoni kueleza, wakasema sawa. Sasa wamenijulisha kwamba nisiporipoti Oktoba hii jina langu linaondolewa.

Mama mkwe wangu yuko Sengerema. Anasema nimpelekee mtoto, atamwachisha ziwa, mimi niende nikamalize. Najua anasema kwa upendo, ila nikifikiria titi linajaa niko kwenye basi la Dar moyo unakataa. Mama yangu mzazi sasa anaumwa miguu, hawezi tena kukimbizana na watoto. Wifi yangu ameniambia mshika mbili moja humponyoka, nichague. Baba watoto hajanigombeza hata siku moja, lakini kauli yake ni kwamba sanaa ipo tu, haikimbii, mtoto ndiye anayekua. Angependa nikae dukani kwake, anauza spea za pikipiki.

Kuna jambo lilitokea miezi miwili iliyopita. Nilikuwa namalizia bango usiku pale sebuleni, ndipo penye nafasi. Mkubwa akaamka, akatumbukiza mkono mzima kwenye kopo la rangi ya mafuta. Tulimsugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawa nyekundu. Baba watoto hakusema neno. Alibeba makopo yote akayapanga nje ukutani, na hapo ndipo yalipo mpaka leo. Tangu siku hiyo nachora nikiwa kama naiba. Akiingia mtu nafunika.

Halafu kuna mwenye shule binafsi, nilimchorea ukuta wa darasa la awali, ananitaka nifundishe watoto kuchora asubuhi mbili kwa wiki. Malipo si makubwa. Naogopa nikikubali nitakuwa mwalimu wa watoto wa watu, na ule uchoraji wangu ndiyo umeisha.

Shangazi, siku nyingine naosha brashi machozi yanatoka tu, hata sijui nalilia nini. Niende chuo nimwache mtoto? Nifundishe? Nikae dukani? Au nikubali kwamba wakati wangu umepita?

Mama Wawili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Mtoto akiwa mgongoni barua haiwezi kunyooka, na hii yako nimeielewa yote.

Nitaanza na la Oktoba kwa sababu hilo ndilo lenye tarehe. Usimwachishe mtoto ziwa ili uwahi chuo, na chuo usikiache. Omba kuahirisha masomo kwa maandishi. Ulipiga simu, wakasema sawa, ukaamini yameisha. Ndivyo tulivyo wengi wetu, tunaamini neno la mtu. Lakini simu haiingii kwenye faili. Kwenye daftari lao wewe ni mwanafunzi aliyetoweka, na aliyetoweka huondolewa jina. Vyuo vina utaratibu wa mwanafunzi kuahirisha, na sababu za kiafya ni miongoni mwa zinazokubalika, uzazi ukiwemo. Tafuta kile kitabu cha kanuni ulichopewa siku ya kujisajili, usome sehemu ya kuahirisha. Kisha andika kwa mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara yako: jina, namba ya usajili, mwaka uliofaulu, daktari alisema nini, mtoto amezaliwa lini, na tarehe unayoomba kurudi, yaani Oktoba mwakani. Ambatanisha nakala ya kadi ya kliniki na karatasi ya daktari ya kukuzuia safari. Kama huna karatasi hiyo, rudi hospitali ulikotibiwa uombe, kumbukumbu zako zipo. Waulize pia mambo mawili wayajibu kwa maandishi: matokeo yako ya mwaka wa kwanza yatatambuliwa mpaka lini, na ada utakayolipa ni ya sasa au ya wakati huo.

Oktoba mwakani mtoto wako atakuwa anakaribia miaka miwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya kliniki mwaka huo mmoja unakaa mahali pake. Mkubwa naye atakuwa darasa la awali.

Sasa nije kwa wifi yako na methali yake. Nenda Igombe kwa mjomba, au Kayenze, asubuhi dagaa wanapoanikwa. Utawakuta wanawake wameinama wanatandaza, wanageuza, wanafukuza ndege, mtoto yuko mgongoni na mwingine anacheza na mchanga pembeni. Uliwahi kumsikia mtu akimwambia mwanamke yule achague, dagaa au mtoto? Hakuna anayethubutu, maana kila mtu anajua jioni pale kuna pesa ya unga. Hata ungekaa kwenye duka la spea na mtoto mapajani, wifi asingekuletea methali. Kwa hiyo, mwanangu, ulezi na kazi havijagombana nyumbani kwako. Kinachokusumbua ni kwamba uchoraji wako haujahesabiwa kuwa kazi. Unahesabiwa kuwa kitu cha kufanya vyombo vikishaoshwa. Na wewe mwenyewe umeanza kuuhesabu hivyo, ndiyo maana akiingia mtu unafunika.

Nataka kulisema hili kwa nguvu, maana nimeona wasichana wengi wenye mkono mzuri wakipotelea hapo. Hakuna aliyewafukuza. Walisogezwa kidogo kidogo, leo kona ya sebule, kesho nje ukutani, keshokutwa brashi imekauka na hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani.

Lakini kuhusu yale makopo, baba watoto alifanya sawasawa. Rangi ya mafuta siyo kitu cha kukaa nayo chumba kimoja na mtoto anayetambaa. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiingia kidogo kidogo, kwa vidole anavyolamba au kwa vumbi la rangi ya zamani unayoikwangua. Thina na tapentaini nazo zina mvuke, na mvuke ule hautaki chumba kilichofungwa usiku. Siku nyingine rangi ya mafuta ikimshika mtoto, usitumie mafuta ya taa wala thina kwenye ngozi yake. Mpake mafuta ya kupikia, sugua taratibu kwa kitambaa mpaka rangi ilegee, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni. Na wewe ukitoka kwenye kazi ya rangi ya mafuta, nawa mikono mpaka kwenye viwiko na ubadilishe nguo kabla hujampa titi.

Kwa mwaka huu nakushauri rangi za mafuta zibaki kwa kazi za nje tu, mabango na mitumbwi, na zisiingie ndani kabisa. Nyumbani hamia kwenye vitu vinavyokubali kuachwa ghafla: penseli, mkaa, wino, karatasi za kukata na kubandika, rangi za maji. Hili si kushuka daraja. Mchoraji anayelea anahitaji kitu anachoweza kukiweka chini mtoto akilia na kukiokota baada ya nusu saa kikiwa kilekile.

Alikuwepo Marekani msanii aitwaye Ruth Asawa, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2013. Alilea watoto sita, na kazi iliyompa jina ni vinyago vya waya vya kuning'iniza, anasokota kitanzi ndani ya kitanzi kama anayefuma kapu. Namna hiyo ya kufuma waya aliiona Mexico mwaka 1947, kwa watu waliokuwa wakitengeneza vikapu. Alifanyia kazi nyumbani, watoto wakiwa miguuni, na zipo picha za miaka ya 1950 zinazomwonyesha hivyo hivyo, yuko katikati ya waya na watoto wamemzunguka. Waya haukauki, haunuki, na ukiuacha unakusubiri. Wala hakufika hapo kwa njia nyepesi. Ujanani alitaka kuwa mwalimu, lakini ilikuwa wakati wa vita, na kwa kuwa alikuwa na asili ya Japani hakupata shule ya kumpokea kwa mazoezi ya kufundisha, akakosa kumaliza. Mwaka 1968 ndipo alipoanzisha na wazazi wenzake karakana ya sanaa kwenye shule ya msingi ya watoto wake mjini San Francisco, wakitumia maboksi ya maziwa na unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na maji. Leo shule ya sekondari ya sanaa ya mji ule ina jina lake.

Nimekueleza habari zake kwa sababu ya woga wako wa kufundisha, nitaurudia. Lakini kwanza nikutajie wa karibu yetu zaidi, Rosemary Karuga wa Kenya. Alisoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile. Akarudi nyumbani, akaolewa, akalea, akafundisha shule kwa miaka mingi, na sanaa yake mwenyewe ikakaa kimya. Aliirudia miaka ya 1980 akiwa mtu mzima, na kwa kuwa rangi zilikuwa ghali alikata karatasi za kufungia sabuni na unga, akabandika vipande mpaka vikawa kuku, ng'ombe, wanawake sokoni. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki 2021 akiwa na zaidi ya miaka 90.

Watu wakisimulia maisha yake husema unaona, hakuna kuchelewa. Mimi yananitia faraja na kuniuma kwa pamoja. Faraja, kwa sababu umeniuliza kama wakati wako umepita, na jibu ni kwamba haujapita, mkono haukusahau hata baada ya miaka zaidi ya 30. Lakini najiuliza ile miaka yote tulikosa picha ngapi. Sitaki wewe usubiri mpaka wajukuu. Baba watoto anasema sanaa haikimbii. Kweli haikimbii, lakini inanyamaza, na mtu aliyenyamaza muda mrefu huona haya kuanza kusema tena.

Twende kwenye kufundisha. Kubali, ila kwa masharti. Asubuhi mbili zinatosha, isiongezwe ya tatu. Pata karatasi yenye sahihi inayosema siku, saa, malipo, nani ananunua karatasi na rangi, na wakati wa likizo unalipwa au hulipwi. Mwenye shule akiona ajabu kuandikiana, mwambie kwa upole kwamba wewe ni fundi na fundi huandikiana. Mtoto wa miezi saba anaweza kukaa asubuhi mbili na mtu mnayemwamini kwa uji na maziwa uliyoyakamua. Maziwa ya mama yakikamuliwa kwa mikono safi na kuwekwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, hukaa kwenye joto la kawaida la chumba muda usiozidi saa nne, na anyweshwe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Mkubwa aende nawe, akae darasani kwako. Liweke na hilo kwenye makubaliano.

Unaogopa kuwa mwalimu wa watoto wa watu uchoraji wako uishe. Unaweza kuisha, ndiyo, kama ukifundisha kwa kuwaandikia watoto ubaoni ua, nyumba na jua wanakili. Ukifundisha hivyo hata wewe utachoka kabla ya muhula kuisha. Lakini watoe nje. Wapeleke kwenye mawe, Mwanza hatuna uhaba wa mawe, uwaambie wachore jiwe moja tu kwa muda mrefu, kivuli kinaanzia wapi na mwanga unaishia wapi. Utashangaa unachoka kuwasahihisha na wakati huohuo jicho lako linanolewa, kwa sababu huwezi kumwonyesha mtoto kitu ambacho hukukiona wewe kwanza. Kanda unga wa ngano vikombe vinne, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja na nusu, wafinyange samaki na mitumbwi, mkaushe. Hakuna rangi ya kununua hapo.

Na hapa niulize swali ambalo barua yako haikulijibu: chuo unakitakia nini, cheti au mkono? Yote ni mazuri, ila njia zake hutofautiana. Kama unataka cheti ili siku moja uajiriwe kufundisha, basi jua kwamba stashahada ya sanaa peke yake haitoshi kukufanya mwalimu rasmi, utahitaji na mafunzo ya ualimu. Na hilo halikulazimishi kupanda basi la zaidi ya kilomita 1,100. Chuo cha Ualimu Butimba kiko hapo hapo Mwanza, karibu na kwako Mkolani, na kwa miaka mingi kimeandaa walimu wa sanaa na muziki. Nenda ofisini kwao uulize sifa za kujiunga na wanachotoa mwaka huu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta sekondari mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi, na sanaa imo, kwa hiyo walimu watahitajika. Kama unachotaka ni mkono, yaani maumbo ya mwili, umbali, mwanga, mambo ambayo mjomba hakukufundisha, basi rudi ule mwaka wa pili, lakini huu wa katikati usikae bure.

Siku moja kwa wiki nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba mapema, mtoto mgongoni, daftari dogo na penseli. Usichore picha nzuri. Chora mgongo wa mtu anayenyanyua gunia, mkono wa mama anayepima dagaa kwa kopo, kila mchoro dakika mbili, hamia mwingine. Watu hawasimami wakusubiri, na hilo ndilo somo lenyewe. Baadhi watauliza unafanya nini, waonyeshe. Siku yenye nauli peleka watoto Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, uchore ngoma na viti vya watemi, machifu wa zamani, uone babu zetu walivyokata mbao bila kupoteza mstari. Ukirudi chuoni na madaftari yaliyojaa, hutakuwa umebaki nyuma ya wenzako.

Bei zako nazo zinahitaji kuangaliwa, kwani barua yako haikutaja hata shilingi moja, na nadhani hata nyumbani haijatajwa. Tuseme umepata ukuta wa mita 4 kwa 2.5, hizo ni mita za mraba 10. Rangi ya maji lita moja hufunika takriban mita hizo ukipaka mara moja, kwa hiyo kwa rangi ya chini tu, ukipaka mara mbili, ni lita mbili, bado rangi za picha. Andika hiyo. Andika siku zako. Halafu andika malipo ya binti atakayekaa na mtoto siku hizo, kama unavyoandika brashi. Malezi ni sehemu ya gharama ya kazi yako, na mteja ndiye wa kuilipa, siyo mama yako mwenye miguu inayouma. Chukua nusu kabla brashi haijagusa ukuta. Na kila malipo weka kidogo pembeni. Mwajiriwa akijifungua sheria ya kazi ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo. Wewe fundi wa kujitegemea hakuna atakayekupa, na nina hakika ulirudi ukutani mapema kuliko mwili ulivyotaka.

Daftari hilo la hesabu ndilo utakalokaa nalo na baba watoto. Usimwendee usiku ametoka dukani amechoka. Jumapili mchana, ameshakula, watoto wamelala. Anza kwa kumshukuru kwa ada ya mwaka wa kwanza, maana alilipa, na wanaume wengi wasingelipa. Mwambie kuhusu makopo alikuwa sahihi na umebadilisha rangi za ndani. Halafu mwonyeshe umeingiza kiasi gani na kimeenda wapi. Yeye ni mfanyabiashara, hesabu anaijua. Kisha omba mambo mawili tu: sehemu, na saa. Sehemu ni kipande cha uani chenye bati na mlango wa kufunga, hata kama ni mita mbili kwa mbili. Saa ni mchana mmoja kwa wiki ambao watoto ni wake peke yake, wewe huitwi hata kama soksi haionekani. Usiombe ruhusa ya kuchora, hiyo alishakupa tangu zamani, na mtu hawezi kukupa vizuri kitu usichokitaja. Kuhusu duka, mwambie utamwandikia bango ambalo spea zote za mtaa ule zitalionea wivu, lakini kukaa hapo hukai.

Mama mkwe mpigie mwenyewe, usimtume mtoto wake. Mwambie umesikia, umeshukuru, na mtoto bado ananyonya kwa hiyo hatoki, ila unamhitaji. Enzi za kivuko safari ya Sengerema ilikuwa ya kusubiri foleni Busisi bila kujua utavuka saa ngapi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, bibi anaweza kuja Mwanza asubuhi akafika mchana hajachoka. Ukipata kazi kubwa ya wiki moja au mbili mwombe aje akae, nauli yake nayo iingie kwenye bei ya ukuta. Mwakani ukienda chuo, mtoto ameshaacha ziwa kwa wakati wake na amemzoea bibi nyumbani kwake, kumwachia itakuwa jambo jingine kabisa.

Machozi ya kuosha brashi sikuyasahau. Umelea mimba yenye presha, umejifungua, hulali, na umebeba uamuzi mzito peke yako. Kulia si ajabu. Ila kama huzuni inakukaa siku nyingi mfululizo, zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, au unajiona huna thamani kwa watoto wako, siku ya kliniki ya mtoto mwambie muuguzi habari zako wewe pia. Ni hali inayowapata wanawake wengi baada ya kujifungua na ina matibabu. Na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.

Kuna kitu kimoja ninachokuomba ukifanye kwa ajili yako tu. Kati ya kazi zote za wiki, mchoro mmoja usiwe wa mteja, usiwe wa darasa, wala usiwe wa kuuza. Uchore unachotaka wewe, hata kama ni ule mkono wa mwanao uliojaa rangi. Huo usiuingize kwenye daftari la hesabu.

Barua ya chuo iandike leo kabla hujaanza mengine, uitume kwa barua pepe na nakala nyingine kwa posta, ubaki na yako yenye tarehe. Wasipojibu ndani ya wiki mbili piga simu, uulize barua yako iko meza ya nani, uandike jina lake. Na wakikukatalia niandikie tena, tutaangalia njia ya Butimba kwa undani.

Shangazi